Dakika Kumi na Moja

Ofisi yake iko juu ya duka la vifungo,
mjini Łódź, ghorofa ya tatu, lifti imekufa.
Nilifika nikihema. Akauliza, "Umepandaje?"
Kwa miguu, nikamwambia, kwani kuna njia nyingine?
Akaandika.
Sikuelewa anaandika nini.

Nilikuwa nimezoea meza.
Polisi walikuwa na meza, kampuni ilikuwa na meza,
daktari wa kampuni alikuwa na meza na saa ya ukutani,
na kila mmoja, kutoka ng'ambo ya mbao zake,
alitaka zile sekunde nne:
ukungu, kengele, breki, kishindo.
Nilizisema hadi zikawa laini
kama sarafu iliyopita mifuko mingi.

Bi Jadwiga Wrona alihamisha kiti,
akakaa ubavuni mwangu, sote tukiitazama karatasi moja.
"Mimi navijua vitabu," alisema, "wewe unamjua Zenon.
Tusipochanga hatuli."
Akanipa kalamu ya kijani, iliyotafunwa kichwani.
Niliishika wiki tatu bila kuandika neno.

Wiki ya pili sikuongea. Tulisikiliza dukani chini
wakimwaga vifungo kwenye mizani.
Ya tatu nilimkasirikia:
mama, mimi ni dereva wa tramu niliyeua mtu,
usinitafutie maua jaani.
Hakubisha. Hakusema "si kosa lako,"
maneno ambayo watu hukutilia mdomoni
kama peremende ya mtoto, ili unyamaze.
Alisema tu:
"Sekunde nne umenipa. Asante.
Ambulensi ilifika baada ya muda gani?"

Dakika kumi na moja.

"Mikono yako ilikuwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mikono.
Ilinibidi niitazame, imelala magotini,
kana kwamba yenyewe ndiyo itakayojibu.
Mmoja ulikuwa chini ya kichwa chake, nikasema,
lami ilikuwa na barafu.
Mwingine ulikuwa mkononi mwake.
Koti langu lilikuwa juu yake.
Alikuwa mzee, soksi zake hazikufanana.
Aliuliza tuko wapi, akauliza tena,
nami dua yoyote sikuwa nayo moyoni,
basi nikamtajia vituo,
kwa mpangilio, kama nilivyovitangaza miaka kumi na tisa:
Kinu cha Pamba. Soko la Bata. Kanisa la Matofali.
Makaburini nikaruka.
Nikamrudisha mwanzo wa njia, tukaanza upya.

Kimya kirefu.
"Uliruka Makaburini," alisema.
Niliruka.
"Nani alikufundisha kuruka?"

Hapo ndipo nikalia, kilio kibaya, kamasi na yote,
na chini kule mtu akamwaga vifungo
visivyokwisha kumiminika.

Mzee alifariki Alhamisi. Hilo halikufutika,
wala Bi Jadwiga hakulitafutia kifutio.
Tuliliweka juu kabisa ya karatasi, kwa mwandiko wangu,
na chini yake nikaandika: koti. vituo. aliuliza, nikajibu.
Yeye akaongeza: ngazi za ghorofa tatu, mara tatu.
Nikakata "tatu" ya mwisho, nikaandika "nne,"
kwa kuwa siku ya kwanza nilifika mlangoni,
nikateremka hadi barabarani,
kisha nikapanda tena.
Hilo hakulijua.
Alicheka kama mtu aliyeokota pesa.

Sijarudi kuendesha. Barua ya kampuni iko kwenye droo,
chini ya vijiko.
"Wiki hii unachagua nini?" aliuliza.
Nilichagua kusimama kituoni.
"Kusimama tu?"
Kusimama tu.
"Ukichoka?"
Kuna benchi.

Jana tramu ilikuja, milango ikafunguka,
magoti yangu yakafanya yale yanayofanya.
Msichana mwenye fidla mgongoni akaniuliza
kama hii inafika Kinu cha Pamba.
Inafika, nikasema.
Lakini kaa kushoto. Pale kwenye kona huwa inayumba.